Mfugaji Mmoja

Siku ambayo binti yake alikuja kuwasomea watu utafiti wake, Meshack Luhende aliwaacha ng'ombe mikononi mwa jirani, akavaa koti. Hilo peke yake lilikuwa habari. Meshack alikuwa mtu wa blanketi na fimbo, na koti hilo alilinunua kwenye mitumba pale Sumbawanga, miaka ile nguo za Ulaya zilipoanza kumwagwa sokoni kama mahindi. Tangu alinunue lilikuwa limening'inia msumarini likisubiri siku yenye hadhi yake. Muuzaji alimwapia kwamba lilivaliwa na waziri wa huko Ubelgiji. Meshack hakuamini, ila hakukataa pia, na kila alipowasimulia watu, yule waziri alizidi kupanda cheo.

Sababu ya kulivaa alikuwa nayo. Binti huyo, Minza, alikuwa akisoma sheria Chuo Kikuu, Dar es Salaam, na utafiti wake ulikuwa umeteuliwa kuwania tuzo ya chama cha wanasheria. Tuzo zenyewe zilikuwa mbili, zikienda pamoja kama ng'ombe wawili wa jembe: moja ya mwanafunzi mwenye utafiti bora wa sheria, nyingine ya mwalimu aliyebuni njia mpya ya kuifundisha. Mwalimu wa Minza, Dokta Cleophas, aliwania hiyo ya pili. Na mwamuzi wa tuzo, hakimu mstaafu aliyeitwa Mama Zita, alikuwa amepanda treni mpaka Mbeya, kisha basi mpaka Sumbawanga, akameza vumbi la njia nzima, ili aje asikilize kwa masikio yake mwenyewe.

"Hakimu mzima," Meshack aliwaambia watu mnadani wiki nzima. "Anatoka Dar, anakuja kumsikiliza mtoto wangu. Wewe wa kwako anasikilizwa na nani?"

Utafiti ulihusu nini hasa, hakujua vizuri. Alisikia tu ni mambo ya wafugaji na wakulima wa Ufipa, na hiyo ilimtosha. Mtoto wa mfugaji angeandika nini kingine zaidi ya kuwatetea wafugaji? Alikuwa ameshajipangia jinsi atakavyokaa, mguu juu ya mguu, na jinsi atakavyopokea pongezi bila kucheka sana.

Meshack alitoka Shinyanga akifuata majani, yeye na mkewe na ng'ombe wao, Minza akiwa bado anabebwa mgongoni. Walipopanda uwanda wa Ufipa waliona nyika tupu, nyasi mpaka kwenye upeo wa macho na upepo wa kukata masikio. Wenyeji waliwapokea vizuri. Wafipa ni watu wa adabu mpaka inachosha. Salamu ya mtu mmoja inaweza kumaliza muda wa kunywa chai. Walimwonyesha mahali pa kujenga, wakamwonyesha kijito, na Meshack akajenga kando ya barabara iendayo Matai. Ng'ombe waliongezeka. Watoto wakasomeshwa na masista. Kwa miaka mingi hakuwa na ugomvi na mtu.

Ugomvi ulikuja kiangazi cha mwaka juzi. Kijito cha karibu kilipungua maji, ikabidi ng'ombe wapelekwe kile cha mbali. Njia ya kawaida ilikuwa inazunguka. Meshack akaona mahali pa kukatiza: eneo kubwa lenye vilima vidogo vya udongo vya mviringo, limetulia, halina hata jani moja. Kwa macho ya mtu wa Shinyanga, shamba ni mahali penye kitu kimeota. Pale hapakuota kitu. Akapitisha ng'ombe asubuhi, akawarudisha jioni, na kesho yake tena, mpaka vilima vyote vikalala chini.

Vilikuwa matuta ya Bibi Agnesi, mjane wa Gaudensi.

Bibi Agnesi alimpeleka baraza la kata. Mwenyekiti wa baraza, Isdori, alikuwa Mfipa na nyumbani kwake alikuwa na matuta yake mwenyewe. Lakini alipaswa kuuliza kile ambacho sheria inauliza, naye akauliza: ng'ombe wamekula zao gani? Bibi Agnesi akajibu hawakula zao. Wameharibu zao gani? Akanyamaza. Bwana shamba alikwenda kuangalia, akarudi akisema hakuona mmea wowote uliovunjika. Basi kesi ikaishia hapo. Isdori alitoa uamuzi huku akiangalia dirishani, na Meshack akarudi nyumbani kifua mbele.

Kilichomsumbua kilikuja baadaye. Tangu siku hiyo, kila walipokutana njiani, Bibi Agnesi aliweka mzigo wake chini, akachuchumaa, akapiga makofi yale ya taratibu ya heshima, akamsalimu salamu nzima, kuanzia yeye mpaka ndama wake. Hakuruka neno. Hakununa. Meshack angemwelewa kama angemtukana. Matusi unayajibu, yanaisha. Salamu ile alikuwa anaipokea kama mtu anayepokea kaa la moto, na siku nyingine akimwona kwa mbali alikuwa anageuza njia, mwanamume mwenye ng'ombe wake wote wale, anajificha nyuma ya vichaka kumkwepa bibi kizee mwenye jembe.

Watu walikusanyika shule ya msingi, katika darasa lililokuwa wazi kwa sababu ya likizo. Ilikuwa Julai, na Julai ya Ufipa haina utani. Wazee walivaa masweta juu ya masweta. Isdori na wajumbe wake wa baraza walikaa mbele. Bibi Agnesi alikaa kwenye dawati la watoto karibu na mlango, jembe lake ameliegemeza ukutani, kana kwamba amepita tu akielekea kazini. Meshack alikaa upande wa pili, mguu juu ya mguu, koti la waziri limefungwa vifungo vyote.

Dokta Cleophas alisimama. Alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na aliongea kama mtu anayezungumza na ndugu zake.

"Wazee shikamooni. Mimi nilifundisha sheria miaka mingi kwa kusoma kitabu. Nasoma, wanafunzi wanaandika, wanafaulu, wanasahau. Siku moja nikajiuliza, hivi hawa watakuja kuwahukumu watu, na hao watu wamewahi kuwaona wapi? Ndiyo nikabadili. Sasa mwanafunzi wangu akitaka kuandika juu ya mtu, lazima kwanza afanye kazi ya huyo mtu, kwa mikono yake, mpaka aijue. Halafu akishaandika, arudi amsomee. Kila mtu anayehusika ana haki ya kusimama na kusema, si kweli. Akisema hivyo, mwanafunzi arekebishe hapo hapo, mpaka mwenyewe aridhike. Asiporidhika, hiyo kazi inafutwa. Haiingii kwenye tuzo, haiingii popote."

Watafiti walikuwa wameshapita Ufipa, wengi tu, wa mbegu, wa maji, wa kuhesabu watu. Waliuliza, wakajibiwa, wakapanda gari. Hakuna aliyewahi kurudi kusema aliandika nini. Na sasa mtu wa Chuo Kikuu anawaambia watu wenye vumbi la shamba miguuni kwamba neno lao moja linaweza kuufuta utafiti mzima.

"Hata mimi?" akauliza mzee mmoja wa nyuma.

"Ukiwa unahusika, mzee wangu, hata wewe."

Mama Zita alikuwa mama mnene, mwenye shali la sufu, na macho ya mtu aliyesikia uongo wa kila aina akauchoka. "Hilo ndilo lililonitoa Dar," alisema. "Nimekaa kitini nahukumu maisha yangu yote. Sijawahi kumsomea niliyemhukumu halafu nikamuuliza kama nimemwelewa. Nimekuja nione kama inawezekana."

Minza akasimama. Meshack alimtazama, moyo ukamjaa. Alivaa sweta la bluu na kitenge, nywele amezisuka mistari, na karatasi zake alizishika kwa mikono miwili. Lugha ya chuo ilikuwa Kiingereza, lakini alikuwa ameyaandika yote upya kwa Kiswahili ili kila mtu asikie. Sauti yake ilianza chini kidogo, kisha ikapata njia yake.

Alieleza jinsi wafugaji walivyokuja, na Meshack akatikisa kichwa kukubali. Alieleza ukame walioukimbia, akatikisa tena. Akaeleza adabu ya wenyeji na majani ya uwanda, na Meshack akamgeukia jirani yake ili ahakikishe anasikiliza.

"Mwaka juzi, wakati wa kiangazi," Minza akasoma, "mfugaji mmoja alipitisha ng'ombe wake kwenye matuta ya Bibi Agnesi, mjane wa Gaudensi."

Kichwa cha Meshack kikasimama.

Hakuna aliyemgeukia. Wafipa hawamgeukii mtu katika aibu yake. Wote walitazama mbele, na kule kutotazamwa kulimchoma kuliko macho ya mnada mzima. Damu ikampanda. Mfugaji mmoja! Alimlea, akamsomesha, akauza mafahali kumpeleka shule, na leo anasimama mbele ya hakimu kumweka baba yake mezani kama nyama. Alishusha mguu. Akafungua kifungo cha juu cha koti, kwa sababu hewa ilikuwa haiingii.

Minza aliendelea, hakuinua macho. Likizo ya Pasaka, mvua zikielekea ukingoni, alikwenda kila siku shambani kwa Bibi Agnesi kulima matuta. Meshack alikumbuka likizo ile. Aliona malengelenge kwenye viganja vya binti yake, akamuuliza ni ya nini, naye akajibu, "Masomo, baba." Meshack akaenda kuwaambia watu kwamba elimu ya juu si mchezo, inatoa malengelenge.

"Sitaki kusoma sehemu inayofuata," Minza alisema, akaziweka karatasi chini. "Nataka niionyeshe. Bibi, naomba jembe."

Bibi Agnesi alilichukua jembe ukutani, akampa. Wote wakatoka.

Shamba lilikuwa ng'ambo tu ya uwanja wa shule. Upepo ulikuwa umetulia na jua lilikuwa bado halijapata nguvu, umande mweupe umekaa juu ya nyasi. Matuta yalienea mpaka kwenye mteremko, mengi, yamelingana, kila moja limefika magotini mwa mtu. Wafipa huyaita ntumba. Meshack alikuwa ameyaona miaka yote hiyo kama mtu anavyoona mawe ya njiani. Hakuwahi kusimama akayatazama.

Minza alisimama mbele ya tuta moja. "Ukifika hapa na sheria mkononi, utasema hakuna kitu," alisema. "Mimi nilisema hivyo hivyo." Akainua jembe, akalipasua tuta katikati.

Moshi ukatoka.

Haukuwa moshi, ulikuwa mvuke, mweupe, mzito, ukipanda polepole katika baridi ile. Tumbo la tuta lilikuwa jeusi. Nyasi zilizogeuzwa mwezi wa tatu zilikuwa zimeoza, mizizi na majani vimekuwa kitu kimoja, chenye unyevu, chenye harufu nzito ya uhai. Juu ya ardhi ile iliyokauka kama sufuria, mahali ambapo jicho halikuona hata jani, palikuwa na kitu kinapumua.

Mama Zita alisema, "Ee Mungu wangu." Akavua glavu yake, akachuchumaa kwa shida, hakimu mzima, akaingiza mkono.

"Kuna joto," alisema kwa sauti ndogo. "Kuna joto jamani."

Meshack alisogea. Hakukusudia; miguu ilimpeleka. Alipiga goti, koti la waziri likagusa udongo, akaingiza kiganja. Na kiganja chake kikajua kabla kichwa hakijajua. Joto lile alilifahamu. Ni joto la zizi alfajiri, unapochimbua samadi ya chini ambayo ng'ombe wameilalia tangu masika. Maisha yake yote alikuwa tajiri wa kitu kile. Alichota kidogo, akakisugua katikati ya vidole, akakinusa. Watu hawa hawakuwa na ng'ombe, nao walikuwa wametengeneza samadi kwa nyasi na jembe na subira. Kila tuta lilikuwa zizi dogo. Na yeye alikuwa amepitisha kwato juu ya mazizi yote ya bibi huyu, asubuhi na jioni, akaona uwanja.

Alistaajabu mpaka akasahau kwamba ana hasira.

"Sheria inauliza zao liko wapi," Minza alisema. Hakuwa anasoma tena. Aliwaangalia wote, na baba yake alikuwa bado amepiga goti miguuni pake. "Mimi nauliza swali jingine. Zao linaanza lini? Kwa Bibi Agnesi ulezi unaanza siku nyasi zinapogeuzwa, wakati mvua inaondoka na udongo bado laini. Nyasi zinaozea ndani kiangazi chote. Mvua ikirudi, matuta yanavunjwa, yanasambazwa, ulezi unamwagwa juu. Ng'ombe wakiyafungua kabla ya wakati, jua na upepo vinakausha kila kitu. Huwezi kuyarudishia, maana kiangazi ardhi ni ngumu na nyasi zimekufa. Kwa hiyo ng'ombe hawakula hata jani moja. Lakini mwaka ule ulezi wa Bibi Agnesi haukuzaliwa. Ilipofika siku ya kumkumbuka marehemu mume wake, watu walitoka kanisani wakaja nyumbani kwake, hakuwa na pombe ya ulezi ya kuwapa. Aliwapa chai. Pendekezo langu ni kwamba kazi iliyokwisha kuingia ardhini ihesabiwe kuwa zao, hata kama jicho halioni mmea."

Isdori, mwenyekiti wa baraza, alivua kofia. Akabaki ameishika kifuani kama mtu aliye kanisani. Alilijua hilo tangu utotoni, kama kila Mfipa pale alivyolijua. Hakuwahi kulisikia likisemwa kwa lugha ya sheria, wala hakudhani sheria ina mdomo wa kulisema.

Dokta Cleophas akauliza, kama ulivyokuwa utaratibu wake: "Wote mliohusika mmesikia. Kuna anayesema si kweli?"

Hapo Meshack akasimama wima, akajifuta magoti. Aliielewa nafasi yake vizuri sana. Hakuna aliyehusika kuliko yeye. Neno moja tu: si kweli, nilipita pembeni, si kweli, yalikuwa yameshabomoka. Utafiti ungefutwa. Mfugaji mmoja angefutika nao, yeye angerudi mnadani, na baada ya muda watu wangesahau. Minza alikuwa anamtazama sasa, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Hakumwomba kitu.

Meshack alifungua mdomo, na mkono wake wa kulia bado ulikuwa na lile joto. Akaufunga mdomo tena.

"Mimi nasema si kweli," ilisema sauti nyingine.

Watu wote waligeuka. Alikuwa Bibi Agnesi.

"Bibi?" Minza aliuliza. "Nimekosea wapi, bibi yangu?"

"Kulima hujakosea. Matuta umeyasema vizuri, mjukuu wangu, hata mimi sikuwahi kuyasikia hivyo." Bibi Agnesi aliongea taratibu, Kiswahili chake kikivutwa na Kifipa. "Lakini umeandika Agnesi. Umeandika mjane wa Gaudensi. Chai yangu umeiandika. Halafu umeandika mfugaji mmoja. Mfugaji mmoja ndiyo nani? Nilipokwenda baraza sikwenda na mfugaji mmoja. Yule ana jina, tunasalimiana kila siku. Shauri la watu wawili, mmoja ana jina na mwingine hana, hilo si kweli. Ni nusu."

Dokta Cleophas alikohoa. Akaeleza kwa upole kwamba katika utafiti inaruhusiwa kuficha jina la mtu ili kumlinda. Na kama bibi anataka, wanaweza kulificha na la kwake, waandike mkulima mmoja.

"Mimi wa kufichwa nimefanya nini?" Bibi Agnesi akauliza.

Mama Zita alimtazama mwalimu, mwalimu akamtazama mwanafunzi wake. "Minza," alisema, "utaratibu unaujua. Mwenyewe hajaridhika. Unarekebisha, au unaondoa."

Kurekebisha kulikuwa jambo la jina moja tu. Lakini kwao Minza, kama kwa watu wengi, mtoto halitaji jina la baba yake mbele ya watu, hata kwa sifa. Anasema baba, au anasema mzee. Kulitaja kavu, mkutanoni, na kulitaja katika kosa, ni kama kumvua nguo barabarani. Minza alisimama na jembe la Bibi Agnesi mkononi. Kazi ya miaka miwili. Malengelenge. Hakimu kutoka Dar. Mwalimu wake, ambaye tuzo yake nayo ilisimama au kuanguka na kazi hii.

"Naiondoa," alisema. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Nisamehe, Dokta. Nisamehe, bibi. Nitaandika kitu kingine."

Akamrudishia Bibi Agnesi jembe lake, akaanza kuzikunja karatasi.

Kwa muda wote huo Meshack alidhani binti yake alikuja kumuuza. Kumbe alikuwa tayari kupoteza kila kitu kuliko kulitamka jina lake. Na aliuona ukubwa wa alichokibeba mtoto yule: alikwenda kwa mikono yake ndani ya ardhi ya watu wengine, akatoa kitu ambacho yeye, mwenye miaka mingi pale, alikikanyaga tu. Meshack alijiona mdogo mbele ya binti yake, na cha ajabu, udogo ule haukumuuma. Ulikuwa kama kusimama chini ya mlima.

"Usikunje," alisema.

Minza aliacha kukunja.

"Andika. Meshack Luhende." Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, ikaenda mpaka mteremkoni. "Mfugaji wa hapa hapa, barabara ya Matai. Ng'ombe wote walikuwa wangu, na aliyewaswaga ni mimi. Andika, mama. Sikutajwa na wewe. Nimejitaja."

Minza hakuandika. Alikuwa anamtazama baba yake kama hajawahi kumwona. Mama Zita alisogea karibu, akasema kwa heshima, kwa sauti ya mtu anayemwonya shahidi.

"Mzee wangu, nikueleze kabla hajaandika. Kazi hii ikikubaliwa itakaa chuoni. Vijana watakaosoma sheria wataisoma, mwaka huu na miaka ijayo, na wewe usipokuwepo wataisoma. Kila mmoja atajua Meshack Luhende ndiye aliyekanyaga matuta ya mjane. Jina ukishalitoa halirudi."

Meshack hakujua kusoma. Aliwaza vijana hao, wageni kabisa, wa Tanga na Lindi na wapi, wamekaa kwenye madawati huko Dar wakilitamka jina lake kwa kosa lake. Aibu ilimjia, nzito, hakuikimbia. Alimtazama Bibi Agnesi, naye alikuwa amesimama wima na jembe lake, anasubiri.

"Wasome," alisema. "Ila mwandike na huyo aliyewafundisha matuta ni binti wa nani."

Minza alichutama palepale penye umande, akaiweka karatasi juu ya goti, akaandika, na Isdori akainama kumshikia karatasi. Alipomaliza aliwasomea wote sentensi ile ikiwa na majina mawili. Kisha akamgeukia mwenye shauri na kumuuliza kama ameridhika.

"Sasa ni kweli," Bibi Agnesi alisema.